Kidokezo

Niliinunua mnadani Pongwe, kampuni ya katani
ilipouza meza zake, mizani, na makabati yasiyofunga.
Elfu arobaini, bawaba moja imeshikizwa kwa kamba;
Tanga tutakosa vyote, kamba hatukosi.
"Inawaka," alisema dalali. Hakusema uongo.
Inawaka, kisha inakusimamisha mlangoni.

*Ghala Na. 2*, ndilo jina lililoandikwa,
na juu yake, ndani ya duara, picha ya mtoto
mwenye pengo, kamnyanyua kuku kama kombe la ubingwa.
Chini, kisanduku cheupe kinangoja nywila.
Ukikosea mara tatu kinakuhurumia, kinakupa kidokezo:
*yule yule.*

Yule yule nani?
Nikajaribu Coastal. Nikajaribu Simba, kwa aibu.
Nikajaribu mkonge, mkonge1, mkonge123,
Pangani, Mungumkubwa.
Nikajaribu kumwita mtoto mwenyewe: Mbaruku, Hemedi, Kombo.
Akanitazama kwa pengo lake, hakuitika.

Fundi Singano wa Barabara ya Kumi na Tano
kazi yake hasa ni redio, ila mkono wake hauchagui.
Akailaza kifudifudi, akafungua skrubu kumi na moja,
akazihesabu ndani ya kifuniko cha kopo,
akang'oa betri ndogo, bapa kama sarafu.
"Hii ndiyo saa yake. Tuiache ipumue, tunywe kahawa."
Tukanywa viwili viwili, na kashata.
Vumbi la ndani lilikuwa nyuzi nyuzi:
katani, miaka sijui mingapi ya ghala.
Alipuliza yeye, nikapiga chafya mimi.

Flashi ikaingia. Maandishi meupe yakapita mbio,
halafu swali, moja tu, kavu:
*Futa vyote? Ndiyo. Hapana.*

"Bonyeza," akasema Singano. "Ya watu hayo."
Ya watu, ndiyo. Hesabu za marobota, barua za likizo,
labda picha nyingine za yule mtoto,
kabla ya pengo, baada ya pengo.
Nikauliza kama hakuna njia ya kuyatoa kwanza.
"Ipo. Laki moja na nusu, na uipeleke Dar."
Nilikuwa na elfu sita.
Nikabonyeza. Nisiwadanganye, kidole hakikutetemeka.

Asilimia kumi. Ishirini na tisa. Thelathini, ikatulia
kama mgeni aliyefika njiani akakumbuka alichosahau.
Sitini na tatu, LUKU ikaisha;
na betri yake kubwa ilishakufa zamani.
Singano akatukana Kibondei, akaniomba radhi,
akamtuma kijana umeme wa elfu mbili.
Tukaanza upya.

Magharibi imeshaadhiniwa, nayo ikauliza tarehe.
Kwa kuwa tuliing'oa ile sarafu, yenyewe iliamini
ni Januari mosi, elfu mbili na tisa,
usiku, saa sita na dakika nne.
Mwaka umekaa pale pembeni, mdogo, hauna habari.
Mwaka ule mama alikuwa bado Makorora
akihesabu kwa sauti chenji za vitumbua:
nne, tano, sita, nani kanipa hii mbovu?

"Bonyeza mshale," akasema Singano.
Kila ukibonyeza, mwaka unasonga.
Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kumi na nne, nikakawia.
Akadhani kitufe kimekwama, akaitafuta bisibisi.
Hakijakwama, nikamwambia. Nikaendelea.

Ikataka jina. Nikaandika.
Ikataka nywila; Singano akageuza uso, kwa adabu.
Ikataka kidokezo, *usije ukasahau*.
Usije ukasahau!
Nikaandika: *yule yule.*

Alidai elfu kumi. Nikampa sita, nne tukasema Ijumaa.
Tulipoifunga, skrubu moja ilibaki kifunikoni.
"Hiyo," akasema, "mashine haina haja nayo."
Ninayo mfukoni.