Wino Mzito

Mlangoni, askari Wafubwa alinisukumia kitabu:
jina, kitambulisho, simu, unaenda kwa nani.
Nikaandika. Juu yangu, kwa mwandiko wa kuinama,
palikuwa na Philomena Jerono, tarakimu zake zote kumi,
na sababu ya safari: talaka, ghorofa ya tatu.
Sikuwa nimemuuliza. Kitabu kilinisimulia.

Mimi nilikuja na jambo dogo:
basari za wadi yetu, mwaka jana,
zilitoka shilingi ngapi, zilikwenda wapi, nani alitia sahihi.
Maana kule Kayole, nyuma ya bomba la maji,
watoto watatu wamerudishwa nyumbani na barua za karo,
na mwenyekiti akaniambia, mama, pesa zilikwisha.
Zilikwisha. Kama sukari.

Karani wa masijala aliishika barua yangu kwa vidole viwili,
akaigonga muhuri. Siku ishirini na moja, akasema,
macho yakarudi kwenye chai.

Siku ya ishirini jibu likaja, aya moja:
ombi limekataliwa, lina taarifa binafsi za watu.

Nilicheka peke yangu kwenye ngazi.
Juzi tu kampuni ya mikopo nisiyoijua
ilinitumia ujumbe: Skola, jirani yako Odanga
amekuandika mdhamini, mwambie alipe kabla ya saa sita.
Simu yangu inajulikana hadi na mashetani,
lakini hesabu ya basari ni mwali,
haitoki ndani.

Nikakata rufaa. Miezi minne.
Ndipo bahasha ikaja, nene kama mkate,
kurasa arobaini na moja, wazi, hakuna kilichofunikwa.

Nilisoma nimesimama. Kisha nikakaa.
Pesa zilikuwemo, ndiyo: laki mbili kwa shule
iliyobomolewa kupisha barabara,
laki nyingine kwa mtoto mwenye jina la mwenyekiti na umri wa mwenyekiti.
Lakini pembeni, kwenye safu ya "sababu",
mtu mwenye mwandiko safi wa shule ya misheni
alikuwa amejaza bila kuruka mstari:
baba yuko Kamiti.
Mama anameza dawa, kliniki kila Jumanne.
Msichana alijifungua akiwa darasa la saba.
Na majina, matatu matatu. Na simu.
Nambari ishirini na saba ni Tekla,
anayenisuka nywele Jumamosi akiimba puani.
Sikujua. Sasa najua, na hakuna ofisi
ya kupeleka ombi la kutojua.

Mkutano ni kesho, ukutani mwa shule.
Watu wanataka karatasi zibandikwe, zote, kama zilivyo.
Nimenunua kalamu nene, shilingi themanini, River Road.
Niko jikoni. Nafunika jina. Nafunika ugonjwa. Nafunika simu.
Naacha shilingi. Naacha tarehe. Naacha sahihi ya mwenyekiti
mara kumi na tisa, imejikunja kama mkia wa mjusi.
La yule "mtoto" mwenye ndevu nimeliacha, Mungu anisamehe.
Nambari ishirini na saba naipitia mara mbili,
nageuza karatasi, naiinua kwenye taa,
naipitia tena.

Na wewe, Philomena, nambari yako bado ninayo kichwani,
inaishia sita sita. Sijaipiga.
Sijui niifunike na nini.