Si Tumbo

Saa nane kasorobo usiku, Majengo,
feni inazungusha joto lile lile,
na Shekuwe kasimama mlangoni mwangu
kajikunja kama mkasi.
"Baba, tumbo."

Mwenye tumbo huweka kiganja kitovuni.
Mwanangu kakishika kikoi kwa chini,
mapaja kayabana, macho kayatupa sakafuni.
Nikaijua ile sakafu.
Niliitazama mimi, miaka thelathini nyuma,
nyumba hii hii, saa kama hizi,
nikasema, "Mama, tumbo."

Akanipa maji ya tangawizi, maskini.
Shangazi akasema ni mshipa,
jirani akasema ni ngiri, na Kisauni
kuna mtu ana mizizi ya kuchemsha.
Siku mbili nikanywa uchungu juu ya uchungu.
Siku ya tatu daktari akalitoa,
limeshageuka rangi ya zambarau.

Mficha uchi hazai, husema watu.
Mimi nilizaa, alhamdulillahi,
na uchi nikaendelea kuuficha.

"Ni pumbu?" nikamuuliza.
Neno halijapata kutamkwa humu ndani ila kwa matusi.
Lilianguka kama sarafu kwenye saruji.
"La kushoto. Limenianza ghafla usingizini.
Nimetapika mara mbili."

Sikutafuta tangawizi.
Nilitafuta viatu, nikavaa kimoja changu, kimoja chake.
Mwenye tuktuk akauliza kulikoni, nikamwambia kama lilivyo,
akaikata njia ya Makadara
kana kwamba limemuuma yeye.

Daktari Mghoi alikuwa binti wa Kitaita, miwani puani,
na Shekuwe alitamani ardhi immeze.
"Tulia, kaka," akasema. "Hapa sioni uchi. Naona saa.
Yalianza lini?"
"Saa saba."
"Basi bado tunayo. Kamba inayolilisha damu imejisokota.
Ikipita saa sita hivi, huenda nisikute cha kuokoa."

Mimi fundi cherehani, nilielewa upesi kuliko alivyodhani.
Uzi ukijisokota kwenye bobini
mashine hulia, gurudumu huzunguka,
na nguo haishoneki.

Wakaingia naye. Nikabaki kwenye benchi
na wanaume wengine wa usiku,
kila mmoja na tumbo lake.
Mmoja wa bodaboda, tangi la pikipiki lilimpiga pale, kumevimba.
Mmoja ubavu ukimchoma na uchungu ukishuka hadi chini:
jiwe la figo, muuguzi alikwisha kumwambia.
Kijana mwenye fulana ya Bandari hakututazama.
Siku nne linajaa polepole, homa, mkojo kama pilipili,
na amekuja peke yake, bila yule aliyelala naye,
ambaye naye anahitaji dawa.
Pembeni mzee mwenye busha la miaka ishirini
akatukazia macho: "Nyinyi mnaumwa, mna bahati.
Ndugu yangu alikuwa na kijiwe kama punje ya kunde.
Hakikumuuma hata siku moja.
Akangoja kimuume ndipo aende."
Hakumalizia. Hatukumuuliza.

Adhana ya alfajiri ikanikuta sina udhu,
kiatu kimoja kinanibana.

Daktari akatoka, barakoa shingoni.
"Limerudi rangi. Nimelishona lisizunguke tena,
na la kulia pia, nisije nikaamshwa."
Nikamuuliza, sijui kwa nini, ametumia uzi gani.
Akacheka. Mimi nikalia.

Wodini nikamwambia Shekuwe,
"Mimi ninalo moja."
Akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba
asichokijua katika nyumba aliyokulia.
Akataka kucheka, mshono ukamkataza.

Simu ikaita. Shangazi, yule yule,
sauti inasikika hadi kitanda cha tano:
"Nasikia mtoto kalazwa. Ni tumbo?"

Nikavuta pumzi, mbele ya wodi nzima.