Somo Lililoning'inia

Mwalimu Tsiala alikuwa na koti moja la majira ya baridi,
na katika koti hilo kifungo kimoja kisichofanana na wenzake.
"Hicho," alisema siku ya kwanza, "ndicho ukiushi."
Hatukuelewa. Tuliandika.

Chiatura ni bonde jembamba, na mto uliotiwa weusi na manganisi.
Juu ya mto nyaya, kwenye nyaya vibanda vya bati
vilivyotuvusha sisi kwenda shule, baba zetu kwenda mgodini.
Istilahi tulizisomea humo, asubuhi, tukiwa wima,
maana makaa ya darasani yalitosha nusu saa tu.

Tashbihi, alisema, ni mgeni mstaarabu:
hupiga hodi kwa "kama", kwa "mithili ya",
akangoja mlangoni hadi aambiwe karibu.
Sitiari haina adabu hiyo.
Ukigeuka, imekwisha kukalia kiti cha baba yako
na inakunywa supu yake.

Pikria, ambaye kiti cha baba yake kilikuwa kitupu tangu Machi,
akageukia dirisha.
Mwalimu aliona. Hakuutumia tena mfano huo.

Tashihisi ilizua ugomvi.
"Kibanda kinakohoa," aliandika Nukri, akapewa alama,
naye akaikataa:
"Kinakohoa kweli, Mwalimu. Mimi sikukipa kitu."

Chuku tulimwachia Bidzina, mwendesha mitambo,
aliyeapa kwamba alikula mikate ya jibini arobaini
na wa arobaini na moja ukamkimbia.
Kinaya hakikutaka maelezo:
bango la USALAMA KWANZA lilishikwa na msumari mmoja.

Kisha, Alhamisi, umeme ukakatika.
Katikati.
Chini mto, juu ukungu, ndani watu kumi na wawili
na mzee asiyetujua, na kuku wake kapuni.
Kitu kikalia.
"Tanakali," akasema Mwalimu, sauti imemkwaruza,
"kila mtu aiandike alivyoisikia."
Nukri aliandika "nyiii". Pikria, "kwiro kwiro".
Mzee akasema waya haukulia, aliyelia ni kuku.
Tukacheka. Kibanda kikayumba. Tukanyamaza.

"Na hii ndiyo taharuki.
Mwandishi dhaifu angeturudishia umeme sasa hivi."

Aliyetuandika siku ile hakuwa dhaifu.
Dakika thelathini. Dakika hamsini.
Pikria akaanza takriri asiyoijua kwa jina:
baba, baba, baba.
Mwalimu naye hakuitaja.
Alivua koti kwa haraka amfunike,
kile kifungo kikakatika, kikapenya ufa wa sakafu.
Tulitega masikio. Hatukukisikia kikifika.

Bidzina alituvuta kwa gurudumu la mkono,
hatua kwa hatua, kinyumenyume, hadi tulikotoka.
"Mbinu rejeshi," Nukri akanong'ona.
Hakuna aliyempa alama.

Daftari langu linaishia hapo.
Kichwa cha somo lililofuata nilikwisha kukiandika,
nikakipigia mstari kwa rula: RITIFAA.
Chini yake karatasi nyeupe.
Mwalimu alihamia kwa dada yake Kutaisi,
na habari iliyotufikia baadaye ilikuwa fupi, ya simu.

Maana yake niliitafuta mwenyewe, katika kamusi ya kuazima:
kumsemesha asiyekuwepo kana kwamba yupo, anasikia.

Mwalimu,
vibanda vipya vina milango ya kioo.
Havikohoi. Nukri anadai havina hata mafua.
Siku hizi mimi ndiye mkaguzi wa nyaya,
na nikifika pale katikati husimamisha mtambo kidogo,
naandika "ukaguzi" kwenye fomu,
natazama mtoni.
Kilikuwa cha kijani, sivyo?
Pikria anashikilia kwamba kilikuwa cha buluu.