Theluthi ya Mvua

Wa kwanza alikuja na simu kubwa kuliko jembe.
Akanionyesha bustani za watu:
taa chini ya minazi, kokoto nyeupe kama mchele wa harusi,
nyasi zimelala kama zulia la msikitini.
"Mama, hapa Sahare utapigiwa honi," akasema,
akachukua laki sita ya kuanzia.
Jumanne akaleta lori moja la ukoka.
Ijumaa ukoka ulikuwa rangi ya katani,
na namba yake haipatikani kwa sasa.

Sikumlaani. Nimefanya kazi Bombo miaka thelathini na moja,
wodi ya wazazi. Nilipaswa kumjua mtu
anayekuahidi kabla hajakupima.

Wa pili nilielekezwa na muuza mbaazi wa Chumbageni.
"Semkiwa hana maneno," akaniambia,
"ila usimpe chai kabla ya kazi. Atakataa, utaaibika."

Alikuja kwa baiskeli, reki imefungwa kwa mpira.
Hakuuliza nataka nini.
Aliomba ndoo ya maji.
Akachimba shimo la kiwiko katikati ya uwanja,
akamimina, akachuchumaa, akatazama
kama nilivyokuwa nikitazama dripu.
Nusu saa. Maji bado yako pale, yanatutazama na sisi.
Akaonja udongo, kweli, kwa ncha ya ulimi,
akatema pembeni kwa adabu.
"Chumvi. Ukoka wa yule haukuuawa na jua."

Kisha maswali ambayo hayana picha:
Masika maji yanaingilia wapi?
Saa kumi jua linakukuta umekaa upande gani?
Karo, mfuniko wake uko wapi?
(Wa kwanza alikuwa ameweka alama papo hapo, ya meza ya kahawa.)
Mgomba ule wa pembeni alipanda nani?
Nikasema, marehemu.
Akasogeza kamba yake hatua mbili, bila neno.

Bei aliiandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu:
mchanga wa mto, samadi, mawe,
siku kumi na moja, vijana wawili na majina yao.
Chini kabisa, kwa penseli:
"Kuzungumza na jirani – bure."

"Bustani yako," akasema, "inaanzia kwake.
Maji ya kwake ndiyo yanayokuja kulala kwako.
Bila mfereji kule, nitakuwa nimekuuzia bwawa."

Bi Mwanakombo. Miaka miwili hatujaombana hata kiberiti,
sababu ya kuku, nafikiri, au ya maneno juu ya kuku.
Nilitafuta kanga isiyo na fumbo. Ilichukua muda.
Nikabisha hodi.
Alinisikiliza hadi mwisho, amesimama mlangoni,
kisha akasema: "Mfereji usiguse mlimao wangu."

Haukugusa.

Siku kumi na moja zikawa kumi na nne.
Siku ya tisa yule kijana Hizza alivunja bomba.
Nilijua kwa sababu Semkiwa alikuja mwenyewe kuniambia,
kabla sijasikia maji.
Bomba jipya hakulitia kwenye hesabu.
Mwisho akanirudishia elfu saba na mia tano,
chenji ya samadi, noti zenyewe zinanuka samadi.
Nikamhesabia haki yake.
Theluthi moja akaisukuma nyuma juu ya meza.
"Hii," akasema, "tuiulize mvua."

Mvua ilikuja Aprili, saa tisa ya usiku, bila hodi.
Nilisimama dirishani na tochi.
Nikayaona maji yakitoka kwa Mwanakombo,
yakauzunguka mlimao,
yakafika penye mgomba, yakasita
kama mgeni aliyesahau nyumba,
kisha yakakata kushoto, yakashika njia ya barabarani.
Ng'ambo, dirisha jingine, tochi nyingine.
Tukamulikana.

Nikapiga simu. Akapokea mlio wa kwanza.
"Yamepita?"
"Yamepita."
Kimya kidogo. Nilisikia mvua ya kwao, Pongwe, kwenye bati.
"Basi kesho nakuja kuchukua hela yangu.
Na ile chai."