Kuku Ndiye Aliyesogea

Namakwekwe, Jumapili, mvua imekatika.
Napiga ya kwanza nimeegemea mguu wa kushoto,
ya pili wa kulia. "Khainza, usicheke!"
Kuku ndiye aliyesogea.

Boksi la viatu, uji wa muhogo ndio gundi,
lenzi mbili za miwani ya marehemu Mwalimu Wepukhulu,
na picha pacha zisizofanana.
Unachungulia. Unangoja.
Macho yanavutana kama ndama na kamba,
mara sufuria inajibandua ukutani,
mkungu wa matoke unakujia puani,
mlima Wanale unarudi nyuma, nyuma kabisa.
Kuku tu amebaki ukungu wa manyoya.

Tulipiga yowe, mmoja mmoja.
Bibi Namono akadai zamu yake.
Tukatazamana: jicho lake la kulia
lilizimika mwaka ule wa surua.

Akalishika boksi, kimya.
Kisha akaanza kulisogeza,
tundu hili, tundu lile, tena hili,
jicho moja likiruka kama mtu avukaye mtaro.
"Mnashangaa nini?
Sufuria iko mbele, ukuta uko nyuma.
Mimi dunia huiona hivi hivi,
kwa kutikisa kichwa.

Ila kuku wenu huyu hatulii."