Kiraka cha Masizi

Arobaini ya mama ilipopita tulibaki na jiko,
jiko la uani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
kuta nyeusi tititi, dari inadondosha masizi
ndani ya sufuria kana kwamba inatia viungo.

Kaka Mbaruku akapiga simu kutoka Dodoma.
"Vunja lote. Weka marumaru, zile zinazong'aa.
Na bafuni bomba la mvua, mtu aoge amesimama
kama binadamu."
Fedha alituma nusu. Nusu ya pili ilikuwa maneno.

Nikamwita Fundi Semkiwa, Mbondei wa Muheza,
apimaye mara tatu na kusema mara moja.
Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akakilamba. Naam, alikilamba.
"Chumvi. Mchanga huu ulichotwa pwani."

Nami nikajifanya mjuzi. Nikasema nataka vitu vya asili:
chokaa ya matumbawe, boriti za mikoko,
kama nyumba ya babu kule Pangani.
Akaweka futikamba chini.
"Dada Mwanatumu, chokaa ile ilichomwa kwa nini?"
Sikujibu.
"Na tumbawe, kabla halijawa ukuta wa babu,
lilikuwa nyumba ya nani?"
Sikujibu tena.
"Asili nayo hukopwa," akasema,
"ila mdai wake hapigi hodi."

Basi. Kirikuu moja ya udongo mwekundu wa Pongwe,
saruji kidogo, kama chumvi ya mboga,
na mashine ya mkono aliyoiazima kwa shemeji yake.
Tofali, pumzi. Tofali, pumzi.
Tukayaanika kivulini, tukayanyunyizia siku saba kama miche.
Tanuru halikuwashwa. Hakuna mwembe uliotufia.

Sinki lilitoka nyumba ya meneja wa shamba la katani
iliyokuwa ikibomolewa: zito kama deni,
lina ufa mmoja, mwembamba, hauvuji.
Marumaru tulinunua zilizovunjika,
gunia zima kwa bei ya kilo mbili za sukari.
Kauthari wa jirani, darasa la pili, akapanga samaki sakafuni
akakosa kipande cha jicho. Hadi leo samaki haoni,
tunamkanyaga kwa adabu.

Siku ya kuwasha jiko banifu
moshi ulipanda dohani, ukatokea juu ya bati
mwembamba, kama mgeni aliyeaga vizuri.
Nilikaa nikisubiri kukohoa.
Kikohozi hakikuja.
Nikakumbuka kifua cha mama usiku, kile kifilimbi chake,
nikalazimika kutoka nje.

Mbaruku alifika sikukuu ya Idi.
Akatafuta bomba la mvua. Nikampa ndoo ya maji ya mvua
na kata ya mama, kifuu kile kile,
mpini umefungwa upya kwa waya.
"Huu ndio ukarabati?"
Akaingia. Nikamsikia akijimwagia, akinyamaza, akijimwagia.
Ndoo moja ikamtosha, mwili wote ule wa ofisini.
Alipotoka, maji yake yalikuwa yamemtangulia nje:
mferejini, kwenye pipa la kokoto na mchanga,
kisha shinani mwa migomba miwili.
Alisimama na taulo akiyatazama yanavyozama.
"Na sabuni?"
"Ya mwarobaini. Migomba haijalalamika."

Halafu nikamwonyesha nyuma ya mlango wa jiko.
Fundi alitaka kupiga lipu kote, nikamkatalia
mahali pa upana wa kiganja.
Masizi ya miaka arobaini na moja,
yamekauka, yanang'aa kidogo, kuliko marumaru yoyote.
Mbaruku akagusa. Kidole kikatoka cheusi.
Akakiangalia muda mrefu.
Nilimwita chakulani mara mbili
naye bado yuko pale, kidole juu,
kama anayetafuta pa kukifutia
na hapaoni.