Mkorosho Haumo

Karatasi ilisema: nyumba moja, Mangamba, vyumba vitatu,
choo cha nje, bati lililopauka,
tangi la lita elfu moja lenye kiraka,
bikoni nne, tatu zinaonekana.
Mkorosho haumo.

Nikamuuliza Bi Somoe: na mkorosho je?
Akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole.
"Huo, mwanangu, uko rehani kwa shemeji yangu wa Kitangari
tangu mwaka ule wa msiba. Imebaki misimu miwili.
Nyumba yako. Kivuli…
kivuli hatukukiandika."

Mjumbe Likumbage alikuwa na kalamu isiyotoka wino,
akaikwaruza kiganjani, akaipulizia.
"Na mwenye nyumba yuko wapi, tuanze?"
Nikamwambia, umekaa naye uso kwa uso.
Akatazama nyuma yangu, mlangoni,
akamngoja aingie.

Miaka kumi na mmoja nimepanga.
Magomeni, chumba cha uani, taa huzimwa saa tatu.
Chikongola, foleni ya choo na ndoo mkononi.
Ligula, nyuma ya hospitali, ambako nikitoka zamu ya usiku
mama mwenye nyumba huhesabu nyayo zangu.
Nilijua kulifunga godoro kwa kamba nikiwa nimefumba macho.
Nilijua kutopigilia msumari:
kwenye ukuta wa watu, hata kalenda huomba ruhusa.

Miaka ya gesi nilikuja huku na dalali, viatu vyake vina ncha.
Alitaja bei ya kiwanja kitupu, nyasi na mavi ya mbuzi,
nikaomba maji ya kunywa.
"Sista, mwakani hapa patakuwa mji wa vioo."
Kisha gesi ikashika bomba lake, ikaenda zake,
bei ikabaki hewani kama tiara lililokatika uzi,
ikawa inashuka, inashuka, haina haraka.
Dalali sasa anakaanga chipsi stendi.
Huniita bosi, huniongezea kachumbari.

Mimi nilikuwa nahesabu.
Kikoba cha Jumamosi, makato ya saccos,
zamu za watu niliowashikia Idi na Krismasi,
kitenge nilichokishika dukani, nikakirudisha.
Siku ya kulipa, mhudumu wa benki aliuliza, zote?
Zote.

Usiku wa kwanza sikulala.
Bati lilipigwa, pu,
nikaruka na panga.
Kimya. Pu, tena.
Kumbe mabibo. Mti wa watu unadondoka juu ya nyumba yangu.

Shemeji akaja na pikipiki, Mfaume jina lake,
kofia ya mkeka, magunia matatu, haya tele.
Alipiga hodi hata kuingia chini ya mti wake.
Aliokota moja moja: ananyonga korosho, tia guniani,
bibo analiweka pembeni, juu ya jani la mgomba,
kama mtu anayepanga vikombe kwa wageni.
"Hizi zangu," akasema. "Hayo ya mwenye kivuli."

Nilikamua hadi mikono ikakaza kwa utomvu.
Nikampelekea jirani, mama Nanjota, jagi zima;
akanirudishia jagi lina mbaazi
na habari zote za mtaa, hata nisizouliza:
nani kahamisha ua kwa hatua mbili gizani,
nani anadaiwa na nani,
na kwamba mita yangu ya umeme ina deni la zamani.
Lipo kweli. Kila ninaponunua umeme
namlipia mtu taa alizowasha mimi nikiwa Chikongola.

Jana nimepigilia msumari sebuleni.
Inchi nne, pigo saba, plasta imepasuka kidogo.
Sina cha kutundika.
Napita, naugusa, naenda jikoni.

Asubuhi, kabla ya zamu, nachukua jembe
nafukua kona ya mashariki, karibu na mkorosho.
Bikoni ya nne lazima ipo.
Mama Nanjota anachungulia juu ya ua,
anasema, sogea kwangu kidogo.
Kisha anasema, hapana,
usisogee sana.